Mkia wa Kapteni

Kwa mkono huu nimetia viraka
magoti ya kambi nzima ya Bombo.
Najua suruali iliyochakaa kwa sala
na iliyochakaa kwa adhabu.
Lakini mkia,
mkia sikuwahi kushona,
hadi Lanyero, bintiye Sajini Oryema,
aliponiwekea simu juu ya cherehani,
kioo kimepasuka kama kisigino cha kiangazi,
na ndani yake msichana wa katuni ya Kijapani:
nywele zambarau, macho kama visahani,
masikio ya paka, mabega ya afisa.
"Ndiye huyu, Mama Mastula. Jumamosi Kampala
tunakutana wote tuliovaa hivi. Nishonee niwe yeye."

Nikauliza, ni nani? Akasema, kapteni
wa merikebu ipaayo angani kwa mvuke wa supu.
Nikauliza, anapigana na nani?
Akafikiri.
"Na upweke," akasema. "Hasa msimu wa pili."

Nikampima kifua, kiuno, urefu wa mkono.
Mkia hupimwa kuanzia wapi? Utepe wangu haukujua.
Nami nikikata, yeye akinisimulia:
huko yupo mwimbaji asiye na mwili,
mwanga mtupu, na ukumbi unafurika,
watu wazima wanampungia vijiti vya kuwaka, wanalia.
Ipo mikahawa ambapo mhudumu
huchora paka kwa sosi ya nyanya juu ya yai lako,
kisha hulisomea maneno liwe tamu.
Na zamani kulikuwa na kidude cha plastiki,
ndani yake kifaranga cha nukta nukta;
usipokilisha kinakufa,
na wapo waliokililia kama mtu.

Nikasema, hao watu hawana kazi.
Kisha nikanyamaza, pini mdomoni,
maana cherehani yangu naiita Bahiya,
na kila nikifunga duka
naiambia, haya, tutaonana kesho.

Pazia jekundu la Owino likawa koti.
Sponji ya godoro, masikio.
Vizibo vya soda nikavipiga nyundo, medali.
Nywele tukazichovya rangi
hadi vidole vyetu vikawa vya watoto
walioiba zambarau za jirani.
Mkia ulikataa. Mara ya kwanza ulilala kama soksi,
mara ya pili kama mbwa aliyekemewa.
Mara ya tatu sikusema nimetia nini.
Ukasimama.

Jumamosi, jua halijapata joto,
kizuizini, askari mgeni akaziona nyota begani.
"Simama! Hili jeshi gani?"
Maana hapa raia akivaa hata kofia ya mabaka
atalala ndani, na mama yake atapika bure.
Lanyero akapiga saluti,
akajibu kwa Kijapani chake cha kwenye simu.
Askari akamzunguka nyuma,
akakutana na mkia,
akamwita mkubwa wake.

Mkubwa wake zamu ile alikuwa Sajini Oryema.

Miaka kumi na tisa, na mkononi mistari mitatu.
Akazitazama nyota za mwanawe,
moja, mbili, tatu,
za kopo la maziwa ya unga, nilizikata mimi.
Akatazama masikio.
Nasikia walinyamaza wote
hadi lori la mkaa likapiga honi.
Ndipo akasema, kwa sauti ya gwaride:
"Huyo si wa jeshi letu. Apite."

Usiku akaja dukani bila kofia,
na shati lililokatika kifungo kimoja.
Nikashona. Hakuondoka.
Akashika mkasi, akauweka. Akakohoa.
"Ule mkia," akasema polepole,
"ndani uliweka nini hata ukasimama vile?"
"Waya wa breki, afande. Wa baiskeli."
"Aa."
Akatikisa kichwa kama aliyepewa siri ya serikali,
akaenda zake,
na shati akalisahau juu ya Bahiya.